Maswali ya Wasomaji: Mzigo umekwama, niandike Arusha au Accra?

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi kwamba mfanyabiashara wa Unguja na Pemba yumo ndani ya zaidi ya eneo moja la biashara huria kwa wakati mmoja. Ukiacha lile la SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika), kuna la Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambalo ofisi yake kuu iko Arusha, na kuna Eneo Huru la Biashara Barani Afrika, AfCFTA, ambalo ofisi yake iko Accra, Ghana. Barua zilizofuata ni nyingi. Tumechagua zile ambazo jibu lake litamfaa na mwengine.

*

Assalaam alaykum wahariri. Nauza dagaa wakavu. Mwezi uliopita mzigo wangu ulizuiwa siku tisa katika bandari ya nchi jirani, mwanachama wa Jumuiya kama sisi, wakitaka upimwe upya maabara ingawa ulishapimwa hapa nyumbani. Jamaa zangu wananambia niiandikie Sekretarieti ya Arusha iwaamrishe wauachie. Kweli ina uwezo huo?
Muuza dagaa, Mangapwani

Wa alaykum salaam. Haina. Tunaomba hili lieleweke vizuri, kwa sababu watu wetu hupoteza wiki nzima wakisubiri jibu la barua iliyopelekwa pasipo, na dagaa hawasubiri. Kila siku ghalani wanavuta unyevu, na gunia likishaota ukungu halifufuliwi na cheti chochote.

Sekretarieti si serikali iliyokaa juu ya serikali. Haina forodha yake, haikusanyi ushuru, haitoi vyeti vya uasili wa bidhaa (vinavyothibitisha imetoka nchi gani) na haimwajiri afisa hata mmoja wa mpakani. Juu kabisa wako Wakuu wa Nchi. Chini yao liko Baraza la Mawaziri, ambalo ndilo linalopitisha kanuni na maelekezo, tena kwa maafikiano, maana yake nchi moja ikigoma jambo hukaa. Kisha ziko kamati za makatibu wakuu na wataalamu. Sekretarieti ndiyo inayoviendesha vikao hivyo: huviitisha, huandaa makabrasha, huandika kumbukumbu, hufanya utafiti, hutayarisha rasimu, na hufuatilia kama kilichokubaliwa mwanzo wa mwaka kimetekelezwa kabla mwaka haujesha. Kazi hizo zimeorodheshwa katika Ibara ya 71 ya Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika 7 Julai 2000.

Usizidharau lakini. Ibara hiyo hiyo inairuhusu kuchunguza na kukusanya taarifa juu ya jambo lolote linaloigusa Jumuiya. Na Ibara ya 29 inampa Katibu Mkuu silaha anayoweza kuishika: akiona nchi imekiuka wajibu wake, anaipelekea matokeo ya uchunguzi, nchi hiyo ina miezi 4 ya kujibu, isipojibu, au jibu lisiporidhisha, suala linakwenda Baraza la Mawaziri, nalo ndilo linaloamua kama lifikishwe Mahakama ya Afrika Mashariki au limalizwe pale pale. Hesabu muda huo na utaona kwamba njia hii ni ya kunyoosha utaratibu mbovu kwa ajili ya kila atakayepita baadaye. Mzigo wako wa wiki hii hauwezi kuingoja.

Accra nako mambo ni hayo kwa umbo kubwa zaidi. Mkataba wa AfCFTA ulisainiwa Kigali 21 Machi 2018, ukaanza kuwa na nguvu 30 Mei 2019, na biashara chini yake ikatangazwa kuanza 1 Januari 2021. Bunge letu liliuridhia 2021. Sekretarieti yake, inayoongozwa na Wamkele Mene wa Afrika Kusini, iko chini ya Baraza la Mawaziri wa biashara na Wakuu wa Nchi za Umoja wa Afrika. Mfano mmoja unaonesha vizuri ofisi ya aina hii inavyoweza kusaidia. Baada ya Januari 2021 bidhaa karibu hazikusogea, kwa sababu nchi nyingi hazikuwa zimetangaza viwango vyao vya ushuru katika gazeti la serikali, wala forodha zao hazikuwa na fomu za vyeti. Sekretarieti haikuweza kuzilazimisha. Ilichofanya ni kuzikusanya nchi chache zilizokuwa tayari, ikakagua nyaraka zao na kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi, na Oktoba 2022 mizigo ya mwanzo ikaondoka kwa mpango maalumu wa majaribio. Tanzania ilikuwamo, pamoja na Kameruni, Ghana, Kenya, Misri, Morisi, Rwanda na Tunisia.

Sasa mzigo wako. Likitokea tena, wakala wako wa forodha asikubali maneno ya mdomo. Adai notisi ya maandishi yenye sababu na kifungu cha sheria. Karatasi hiyo moja ndiyo itakayoamua uende wapi. Kama uamuzi ni wa forodha (wamekataa cheti chako cha uasili, wamebadilisha thamani, wamekutoza ushuru usiostahiki), Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004 inatumika sawasawa huko kama hapa: kifungu cha 229 kinakupa siku 30 kuomba kwa maandishi Kamishna aupitie upya uamuzi, naye ana siku 30 kukujibu. Asipojibu ndani ya muda huo, ombi lako linahesabiwa limekubaliwa. Akikukatalia, kifungu cha 230 kinakupa siku 45 kukata rufaa katika baraza la rufaa za kodi la nchi hiyo. Wakati huo wote unaweza kuomba mzigo uachiwe kwa dhamana.

Kama uamuzi ni wa mamlaka ya viwango au ya afya ya samaki, kama ilivyokuwa kwako, kifungu cha 229 hakikusaidii. Hicho ni kikwazo kisicho cha kiforodha, na jibu linalofuata ndilo lako.

*

Nasikia kuna mtandao wa kupeleka malalamiko ya vikwazo vya biashara. Niliwahi kupeleka lalamiko, nikajibiwa "halikukamilika". Linaandikwaje?
Mfanyabiashara wa viungo, Kizimbani

Iko mitandao miwili, na yote haitozi ada. Ule wa tradebarriers.org ni wa pamoja kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, SADC na COMESA (Soko la Pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika). Ule wa tradebarriers.africa ni wa AfCFTA. Ukiuza Kenya au Uganda tumia wa kwanza. Ukiuza Ghana au Misri tumia wa pili. Usipeleke lalamiko moja kote kuwili ukidhani utaharakishwa. Maafisa wale wale wa nchi yako ndio watakaoliona mara mbili, na kila mmoja atadhani mwengine analishughulikia.

Ukishatuma, lalamiko halisomwi na Katibu Mkuu. Linafika kwa afisa mratibu wa nchi yako na wa nchi unayoilalamikia, na Sekretarieti inaona kila hatua. Wale wawili wanatakiwa wazungumze kwanza. Wakishindwa ndipo Sekretarieti inapoingia kusuluhisha, na ikibidi kikwazo kinapandishwa kwenye vikao vya kikanda. Kwa Afrika Mashariki kuna sheria mahsusi, ya Kuondoa Vikwazo Visivyo vya Kiforodha ya 2017, inayotaja njia tatu za kukiondoa kikwazo: makubaliano baina ya nchi husika, mpango wenye tarehe maalumu za utekelezaji, au uamuzi wa Baraza la Mawaziri.

Afisa mratibu hana cha kusimamia ila ulichomwandikia. Kwa hiyo andika bidhaa kwa jina na kwa namba yake ya forodha. Dagaa na samaki wakavu wamo kichwa (yaani fungu la namba za forodha) cha 0305, karafuu na makonyo 0907, mwani 1212. Andika tarehe na saa mzigo ulipofika, mahali hasa (geti, ghala, meza ya ukaguzi), ofisi iliyozuia, na cheo cha afisa. Eleza walichotaka na kama walikuonesha kanuni inayotaka hivyo. Kisha hasara, kwa hesabu: siku ngapi, ada ya ghala shilingi ngapi, ada ya maabara ngapi, kilo ngapi zimeharibika. Ambatisha ankara, orodha ya vifurushi, cheti cha uasili, cheti cha afya, tamko la forodha na ile notisi ya maandishi.

Malalamiko mengi huanguka kwa sababu mbili. Ya kwanza ni maneno ya jumla: "tunanyanyaswa sana mpakani" ni kweli yenye uchungu, lakini nchi ya pili itajibu kwa mstari mmoja kwamba haina taarifa hiyo, na shauri litafungwa. Ya pili ni kulalamikia kikwazo ambacho kimetoka kwako mwenyewe. Kama cheti cha afya kilikwisha muda, au ankara inasema kilo 1,200 na orodha ya vifurushi inasema 1,020, afisa alikuwa na haki ya kukuzuia. Soma nyaraka zako kama atakavyozisoma mtu asiyekutakia mema, kisha ndiyo ulalamike.

Kuhusu kupimwa mara mbili: kabla ya kusafirisha, muulize mnunuzi aulize kwao, kwa maandishi, kama alama na cheti cha ubora unachokwenda nacho kinatambuliwa kwa bidhaa hiyo. Barua ya kwamba kinatambuliwa, ikiwa mkononi mwa wakala wako, ina nguvu kuliko malalamiko matatu yanayokuja baada ya tukio.

Na kama kikwazo ni sheria au agizo la serikali linalokwenda kinyume na Mkataba, Afrika Mashariki ina mlango ambao AfCFTA haina. Ibara ya 30 inamruhusu mkaazi yeyote wa nchi mwanachama, mtu au kampuni, kwenda mwenyewe Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Lakini ana miezi 2 tu, tangu jambo lilipofanyika au alipolijua. Kuna watu waliofika na hoja nzuri mwezi wa tatu. Chini ya AfCFTA ni nchi peke yake inayoweza kuishitaki nchi, kwa hiyo mfanyabiashara hana budi kuishawishi serikali yake imsemee.

*

Sisi ni kikundi cha kinamama, tunatengeneza sabuni ya mwani. Mafuta ya nazi na mwani ni vya hapa, kostiki inatoka nje, na mafuta ya mawese tunanunua dukani, ya nje pia. Kuna mnunuzi Nairobi. Wakala mmoja anasema sabuni yetu "haina uasili" kwa sababu ya kostiki. Ni kweli?
Kikundi cha sabuni, Paje

Si kweli, kwa mlivyoeleza. Hongereni kwa kufika hapo.

Bidhaa inaingia Kenya bila ushuru wa forodha ikiwa ina uasili wa Jumuiya. Isipokuwa nao, inatozwa ushuru wa pamoja wa nje, ambao tangu 1 Julai 2022 una ngazi nne: asilimia 0, 10, 25 na 35, mbali na bidhaa nyeti zenye viwango vyao. Vigezo vya uasili vya Jumuiya ni vya 2015. Vitu vilivyopatikana hapa kikamilifu, kama mwani uliolimwa Paje, nazi iliyoangushwa Pemba au samaki aliyevuliwa katika maji yetu, havina mjadala. Kwa vilivyochanganywa na malighafi ya nje, inatazamwa kama malighafi hiyo imebadilishwa vya kutosha, na kila bidhaa ina kigezo chake katika jadweli la kanuni. Vigezo mtakavyovikuta mara nyingi ni viwili: bidhaa iangukie kichwa tofauti cha forodha na malighafi zake, au thamani ya malighafi za nje isizidi asilimia 70 ya bei ya bidhaa ikitoka kiwandani. Mwambieni wakala afungue jadweli kwenye kichwa cha 3401, ambacho ndicho cha sabuni, na asome mbele yenu.

Tuyapige mahesabu kwa mfano. Chukulieni mpiko mmoja unatoa sabuni 500, na bei yake mlangoni kwenu ni shilingi 1,500 kila moja, jumla 750,000. Kostiki mmetumia ya shilingi 90,000, mafuta ya mawese ya nje 210,000, manukato 45,000. Vya nje jumla ni 345,000. Gawanyeni kwa 750,000 mnapata asilimia 46. Mko chini sana ya 70. Na kwa upande wa kichwa, kostiki iko 2815 na mawese 1511. Sabuni ni 3401. Imebadilika.

Sasa tazameni kikundi chengine ambacho kimeona kupika ni kazi, kikanunua chembe za sabuni zilizotengenezwa tayari nje, zile nyeupe zinazokuja kwenye magunia, kikaziyeyusha, kikatia mwani kidogo, kikamimina kwenye kalibu na kupiga chapa. Chembe hizo zimewagharimu 560,000 kwa sabuni zile zile 500. Hiyo ni karibu asilimia 75. Zaidi ya hapo, chembe za sabuni zenyewe ziko ndani ya 3401, kwa hiyo kichwa hakikubadilika. Kwa macho ya mtalii sabuni mbili hizi ni moja. Kwa afisa wa forodha, yenu ni ya Tanzania na ile ni ya ng'ambo iliyopigwa chapa Unguja. Hali ni hiyo hiyo kwa anayeingiza iliki au karafuu ya nchi nyengine, akaipepeta, akaitia kwenye vipakti na kuandika Zanzibar. Kufungasha, kuchambua na kubandika lebo havitoi uasili, chini ya Jumuiya wala chini ya AfCFTA.

Mambo mawili ya kuzingatia. Thamani ya malighafi ya nje ni ile ya forodhani ilipoingia nchini; isipojulikana inachukuliwa bei ya kwanza inayoweza kuthibitishwa. Mkinunua kostiki dukani Darajani bila risiti, hamna cha kuthibitisha, na afisa ana haki ya kulikataa hesabu lenu zima. Dai risiti kila mara, muiweke angalau miaka 5. La pili, mawese ya Kigoma ni ya Tanzania. Mkibadilisha mkanunua hayo, zile 210,000 zinatoka upande wa nje na asilimia yenu inashuka hadi 18.

Kwa mzigo mdogo, usiozidi dola 2,000, kuna cheti kilichorahisishwa kwa bidhaa zilizomo katika orodha iliyokubaliwa, kinachogongwa muhuri na forodha pale pale. Lakini jueni, "bila ushuru" haina maana bila kodi. Kodi ya ongezeko la thamani ya Kenya mnunuzi wenu atailipa kama anavyoilipia sabuni ya kwao, na asiwadanganye kwamba nyinyi ndio mlioahidi vyenginevyo.

*

Cheti changu cha AfCFTA kilikataliwa kwa sababu "saini haitambuliki". Saini ni ya afisa halali kabisa, namjua. Hii si dhulma?
Msomaji, Chake Chake

Inauma, lakini mara nyingi si dhulma. Hapa ndipo kazi ya Sekretarieti inapomgusa mfanyabiashara moja kwa moja bila ya yeye kujua. Kila nchi hupeleka Accra majina ya ofisi zinazotoa vyeti, pamoja na vielelezo vya mihuri na saini za maafisa wake. Sekretarieti huvisambaza kwa nchi zote. Afisa wa forodha wa nchi unayouzia hamjui huyo afisa wa kwetu. Anachofanya ni kuweka cheti chako pembeni ya kielelezo na kulinganisha mkunjo wa saini na duara la muhuri.

Kwa hiyo afisa mpya akianza kutia saini Jumatatu na kielelezo chake hakijapelekwa, vyeti vyake ni halali hapa na ni karatasi tu kule. Vivyo hivyo muhuri wa zamani ukichakaa ukatengenezwa mwengine. Kosa hilo ni la upande wa kwetu wa kutoa taarifa, na linarekebishwa kwa barua kutoka hapa. Kabla ya kuchukua cheti, muulize anayekupa swali moja: saini hii imeshapelekwa Accra? Akisita, omba kisainiwe na aliyekuwapo kabla.

Kiangalie cheti chenyewe hapo hapo dirishani. Namba ya bidhaa iwe ile ile iliyo kwenye ankara. Jina la muuzaji liwe la usajili, si la duka. Kisiwe na neno lililofutwa kwa wino mweupe. Cheti cha AfCFTA kinadumu miezi 12. Kwa mzigo usiozidi dola 5,000 huhitaji cheti kabisa: muuzaji yeyote anaweza kuandika tamko la uasili mwenyewe juu ya ankara, kwa maneno yaliyowekwa katika Kiambatisho cha 2, na njia hiyo haina muhuri wa kubishaniwa.

*

Kama biashara ni huru Afrika nzima, kwa nini mkulima wa karafuu Pemba asiuze mwenyewe Misri?
Mkulima, Konde

Mkataba wa biashara huria unashusha ushuru kule mzigo unakoingia. Haufuti sheria ya nchi mzigo unakotoka. Kwa sheria ya Zanzibar karafuu zinauzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, nalo ndilo linalosafirisha. Anayeufaidi mkataba kwa karafuu, basi, ni ZSTC na mnunuzi wake. Kama faida hiyo imfikie mkulima kwa bei ya pishi, hilo ni la kudaiwa hapa hapa Zanzibar, na tunaamini linafaa kudaiwa. Accra haina kauli juu yake. Tangawizi, pilipili hoho, manjano na mdalasini havimo katika utaratibu huo. Hivyo unaweza kuviuza mwenyewe.

*

Mimi ni mwanafunzi wa chuo. Zanzibar ina Serikali na Baraza la Wawakilishi. Kwa nini haina kiti chake katika vyombo hivi?
Mwanafunzi, Tunguu

Kwa sababu aliyesaini ni Jamhuri ya Muungano. Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977 inaorodhesha mambo ya Muungano, na ndani yake yamo mambo ya nchi za nje, mikopo na biashara ya nchi za nje, na ushuru wa forodha. Utakumbuka kisa cha Jumuiya ya Nchi za Kiislamu: Zanzibar ilijiunga mwishoni mwa 1992 na kujitoa 1993, kwa hoja hiyo hiyo ya nani mwenye mamlaka ya kujiunga na vyombo vya nje.

Lakini biashara ya ndani, viwanda, kilimo na uvuvi si mambo ya Muungano. Kwa hiyo bidhaa ambazo mkataba unazizungumzia zinasimamiwa na Serikali ya Mapinduzi, na mazungumzo yanaongozwa na Muungano. Inavyopaswa kufanya kazi ni hivi: wizara ya biashara ya Zanzibar inakusanya hoja za huku, inazipeleka katika msimamo wa pamoja wa Tanzania kabla ya kikao, na maafisa wake wanakaa katika ujumbe wa Tanzania. Pengo hutokea kabla ya kikao, si ndani yake. Makabrasha ya Arusha yakifika Dodoma, yakachelewa kuvuka bahari, msimamo unaandikwa bila ya mtu wa mwani wala wa dagaa kuulizwa, na Baraza likishapitisha kwa maafikiano huwezi kurudi kusema hukuwapo. Ukitaka kuandika tasnifu yenye faida, chunguza hapo.

Tukumbushe pia kwamba Tanzania ina wabunge 9 katika Bunge la Afrika Mashariki, wakiwamo Wazanzibari, na kwamba Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake hapa Zanzibar.

*

Nikitoa friji Unguja kwenda Dar natozwa tofauti ya ushuru. Niende Arusha?
Msomaji, Mwanakwerekwe

Hapana. Kwa Jumuiya, Unguja na Dar ni nchi moja mwanachama, na Sekretarieti haina pa kulishika suala lililomo ndani ya nchi moja. Ni jambo la serikali zetu mbili. Friji iliyoingia kutoka nje pia haina uasili wa Afrika Mashariki, kwa hiyo vigezo tulivyoeleza juu havihusiki nayo.

*

Nataka kupeleka vitunguu na viazi Comoro kwa jahazi kutoka Malindi ya hapa Unguja. Vinatoka Iringa. Nichukue cheti cha Afrika Mashariki?
Nahodha na mfanyabiashara, Mjini Unguja

Usichukue hicho, hakitakufaa. Comoro haimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Imo katika COMESA, lakini Tanzania ilijitoa huko mwaka 2000. Tunapokutana nao ni katika SADC, ambayo Comoro iliingia 2018, na katika AfCFTA. Vitunguu vya Iringa kupitia Malindi havina tatizo la uasili: ni vya Tanzania, vimelimwa nchini kikamilifu.

Usitegemee lakini kwamba kuwamo katika mkataba mmoja kunatosha. Nchi inaweza kuwa imesaini na kuridhia, na forodha yake bado haijapewa jadweli jipya la viwango. Kabla ya kupakia, mwambie mnunuzi wako aende forodha ya Moroni na namba mbili, 0701 ya viazi na 0703 ya vitunguu, aulize mambo mawili: chini ya mkataba gani kati ya hiyo miwili namba hizi zinaingia kwa ushuru mdogo zikitoka Tanzania, na kuanzia tarehe ipi. Akuletee jibu kwa maandishi, hata picha ya ukurasa wa jadweli kwa simu. Kila mkataba una fomu yake, na cheti cha SADC hakipokelewi mahali pa cha AfCFTA.

Chukua cheti cha afya ya mimea kabla ya kupakia, kwa sababu mkaguzi anataka kuviona vitunguu vikiwa nchi kavu na magunia yanafunguka. Andika ankara kwa Kifaransa au weka tafsiri pembeni. Na pima uzito baada ya kukausha vitunguu, siku ya kupakia, si siku ulipovinunua: vitunguu hupungua njiani, na tofauti ya uzito baina ya ankara na mizani ya Moroni ndiyo itakayokuweka gatini.